Mwaka Niliosema Sikumbuki

Saumu alinipigia simu mama yake akiwa ameshazikwa siku tatu. Sikumlaumu kwa kuchelewa, maana nilibadilisha namba mwaka jana na watu niliowapa namba mpya wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. "Mama ametangulia, dada Mwanaidi," alisema. "Arobaini ni mwezi ujao, ukijaaliwa uje." Nikasema maneno yanayosemwa, nikauliza aliugua nini, nikaambiwa presha, nikaagana naye vizuri kama mtu mzima. Halafu nikakaa kwenye kiti changu cha ofisi, mimi mkuu wa maktaba ya chuo, mwanamke wa karibu miaka hamsini anayeogopwa na wasaidizi wake, nikalia mpaka katibu muhtasi akaja kuufunga mlango kwa nje. Bi Mwanahawa, mama yake Saumu, alikuwa bosi wangu wa kwanza. Alinipa kazi moja ambayo haikuandikwa kwenye barua yoyote: kumwambia mtu mmoja ukweli. Nimekaa na kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini bila kuifanya, na sasa aliyenituma hayupo wa kumrudishia jibu.

Kwetu ni Miono, na hayo yanatosha kuhusu kwetu. Nilifika Bagamoyo mjini nikiwa na miaka ishirini na mbili, cheti cha ukutubi cha mwaka mmoja, na barua ya ajira ya majaribio ya miezi kumi na miwili katika maktaba ya tawi dogo la chuo kikuu. Watu husema Miono na Bagamoyo ni pua na mdomo. Kwa gari, labda. Nilipanga chumba Dunda kwa mjane mmoja aliyenieleza masharti yote siku ya kwanza, na baada ya hapo hakuona la kuongeza. Kitanda cha kamba, dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani, chokaa iliyobanduka ikidondokea mto wangu. Ng'ambo ya ukuta waliishi mtu na mkewe waliogombania zamu ya kuteka maji, kila jioni, maneno yaleyale, na mimi nilikaa kitandani na sahani yangu ya ugali nikiwasikiliza kama watu wanavyosikiliza redio. Siku walipopatana na kunyamaza nilikasirika, wallahi, nikaona wameniacha peke yangu. Jumapili ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote kwa sababu maktaba ilifungwa. Nilikuwa nanunua chumvi duka la kwanza, kiberiti duka la pili, sukari duka la tatu, vitu ambavyo duka moja lingeniuzia vyote, ili watu watatu waniulize "Nikupe nini, dada?" Nikirudi chumbani nilikuwa nimeongea kwa siku hiyo.

Maktaba yenyewe ilikuwa nyumba ndefu ya mabati, ukumbi mmoja wa kusomea, vyumba vitatu vya nyuma, na kaunta ya mbao ya mninga iliyong'arishwa na viwiko vya wanafunzi. Kulikuwa na kompyuta mbili zilizofunikwa kwa vitambaa vya kudarizi, tukisubiri mtu wa kuja kutufundisha kuzitumia. Vitabu vyote bado viliishi kwenye kadi. Asubuhi, kabla ya kufungua, kila mmoja wetu "alisoma rafu". Wasiojua hudhani tulikuwa tunasoma. Kusoma rafu ni kupita na kidole kwenye migongo ya vitabu, namba kwa namba, kuhakikisha kila kimoja kipo pake, kwa sababu kitabu kilichokaa pasipo pake kimepotea hata kama unakiona kwa macho. Baada ya hapo tulifuta vumbi, tukakagua mchwa, tukapanga magazeti, tukapiga mihuri vitabu vipya ukurasa wa kwanza na wa kumi na saba, sijui kwa nini wa kumi na saba, na saa mbili kamili Bi Mwanahawa, msimamizi wa kaunta, alifungua mlango kwa mkono wake. Alikuwa mwanamke wa mji mkongwe, wa nyumba ya watu wa biashara na bahari, mnene, mtaratibu, nguo zake zikinukia udi hata siku za kazi. Hakupaza sauti. Mwanafunzi aliyezungumza ukumbini aliendewa mpaka mezani pake na kuulizwa kwa upole hali ya wazazi wake, na kijana yule hakurudia tena mpaka anamaliza chuo.

Kazi ya mahali pa kimya haimfai mpweke, lakini nani angeniambia? Kutwa nzima watu walininong'oneza. Waliniita "dada wa kaunta", au waliniwekea kitabu mbele na kusubiri. Niliwasikia wanafunzi wakipiga soga nyuma ya rafu za historia wakidhani vitabu vina uzito wa ukuta: nani kamwacha nani, mhadhiri gani anatoa maksi kwa kuonea, chapati za wapi zina mafuta zaidi. Nilijua siri za nusu ya chuo na hakuna hata mmoja aliyejua natoka wapi. Mchana wafanyakazi tulikula chumba cha nyuma kabisa, karakana ya Mzee Kombo, fundi wetu wa kujalidi, yaani kuvisha vitabu majalada mapya. Yeye alipika gundi ya unga wa ngano kwenye jiko la mkaa, na gundi ikishaipuliwa, sufuria ya wali ilipanda juu ya mkaa uleule, hivyo chumba kilinuka uji na nazi kwa pamoja. Sinia liliwekwa chini kwenye mkeka. "Karibu, mwanangu," Bi Mwanahawa aliniambia siku ya kwanza. Nami, kwa adabu niliyofundishwa kwamba mgeni halivamii sinia la watu, nikajibu, "Nimeshiba, ahsante Bi." Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu vilevile. Siku ya nne hakunikaribisha tena, kwa sababu kwao wao mtu aliyekataa mara tatu amekataa kweli, na kumng'ang'ania ni kumdhalilisha. Basi nikala mihogo yangu ya kuchemsha kwenye kibakuli, juu ya stuli, miezi na miezi, nikiwasikia wanavyocheka. Kiburi changu na adabu yao viliniweka pale. Leo ningejikalia tu kwenye mkeka nikanawa mikono, lakini leo nina karibu miaka hamsini.

Idrisa alikuja mwezi wangu wa nne kazini. Alikuwa mwaka wa tatu, mkubwa kidogo kuliko wenzake, mtoto wa wakulima wa mananasi wa Kiwangwa. Shamba la baba yake lilikuwa limeoza mizizi misimu miwili mfululizo, na utafiti wake wa mwisho aliuandika kuhusu ugonjwa huohuo. Alihitaji kitabu kimoja kinene cha magonjwa ya mazao, nakala moja tu nchi nzima kwa jinsi tulivyokitunza, ambacho kilikaa rafu ya akiba nyuma ya kaunta. Vitabu vya akiba havikutoka nje. Unaandika jina kwenye daftari, unapewa muda wa saa mbili, unasoma ukumbini, unarudisha. Mfanyakazi anayekipokea anapiga mstari mwekundu juu ya jina lako, na hapo umeokoka. Siku ya kwanza alisoma kibandiko cha jina kwenye kifua changu, akaniuliza, "Mwanaidi wa wapi?" Nikamwambia Miono. Akanisalimu kwa Kikwere, palepale, kwa sauti ya kawaida ya mtu aliyezoea kuita wenzake kutoka mwisho wa shamba, na ukumbi mzima ukageuka. Nilikuwa sijaisikia lugha ile tangu nishuke garini, na hata jina langu mwenyewe lilikuwa limekuwa geni masikioni mwangu.

Baada ya siku hiyo alikuja kila siku saa nane. Nilimpenda? Nimejiuliza sana. Sidhani nilimpenda kwa maana ile ambayo wanafunzi wa nyuma ya rafu za historia walikuwa wakiizungumzia. Nilipenda aje. Alikuwa akifika anauliza habari za kutwa, anasubiri jibu, anacheka, anasema "Haya, nipe mchawi wangu," akimaanisha kitabu. Dakika tano kwenda, dakika tano kurudi. Ikatokea siku mbili akakuta mwenzangu yuko kaunta, akapewa kitabu akaenda zake, na mimi nilikuwa stoo na magazeti, na jioni ile nilirudi Dunda nimevimba kwa uchungu kama niliyeibiwa. Ndipo nikafanya jambo ambalo mtu asiye wa kazi hii hawezi hata kulifikiria. Nilianza kukificha kitabu. Akikirudisha sikukirejesha rafu ya akiba. Nilikitia kwenye boksi la vitabu vibovu vinavyosubiri kujalidiwa, mlango wa karakana, chini ya kamusi zilizovunjika mgongo. Na kwenye daftari sikupiga mstari mwekundu. Jina lake likibaki wazi, mwingine akikiomba, mwenzangu ataona kimo mikononi mwa Idrisa na atasema kimeazimwa. Hata Idrisa mwenyewe akija, hakipatikani mpaka aulize, "Mwanaidi yuko wapi?" Ndilo swali nililokuwa nalitafuta. Wanafunzi wengine watatu wanne walirudishwa bila kitabu kwa ajili ya swali hilo, na sikuwaonea huruma hata kidogo.

Masika yakaisha. Kila mwaka mvua zikikatika tulifunga maktaba wiki nzima, tukahesabu vitabu vyote, na vile vilivyoota ukungu tukavianika uani juu ya mikeka, tukivifungua kurasa zielekee upepo. Mji ule unaozesha karatasi. Chumvi ya baharini inaingia mpaka ndani ya makabati. Wiki ile nilikuwa na furaha, nakiri. Tulifanya kazi wawili wawili, mmoja anasoma namba, mwingine anatia tiki, na mimi niliwekwa pamoja na Bi Mwanahawa mwenyewe. Siku ya Jumatano nikapelekwa kwenye jengo la utawala kuchukua karatasi. Niliporudi boksi la vitabu vya kujalidiwa halikuwepo mlangoni. "Limeshaondoka," Mzee Kombo aliniambia, akijipangusa gundi vidoleni. "Vile vikubwa mikono yangu haiviwezi tena. Gari la chuo lilikuwa linakwenda Dar, nikavipakia kwa mpiga chapa." Nilimuuliza vitarudi lini. "Wiki tano, sita. Wale nao wana foleni." Nilikaa juu ya stuli yangu. Ningeweza kusema palepale. Ilikuwa kusema tu: Mzee, kuna kitabu kimoja kizima humo, nimekosea. Nikajiambia nitasema kesho, na kesho nikajiambia Idrisa ameshamaliza kuandika, hana haja nacho tena.

Haja nacho hakuwa nayo kweli. Haja yake ilikuwa muhuri. Mwanafunzi anayemaliza alizunguka na fomu ya kuaga chuo, kila ofisi igonge muhuri kwamba hana kitu chake: bweni, maabara, michezo, maktaba. Bila mihuri yote hupewi matokeo. Idrisa alikuwa ameahidiwa nafasi ya afisa ugani wilayani, na walimtaka alete matokeo yake kabla ya Ijumaa. Alikuja Jumatano iliyofuata, fomu ina mihuri yote isipokuwa wetu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Bi Mwanahawa alifungua daftari la akiba na orodha ya vitabu vilivyokosekana kwenye hesabu, akaviweka ubavu kwa ubavu, akamtazama. "Mwanangu, kitabu cha magonjwa ya mazao kimekosekana, na jina la mwisho ni lako. Halina mstari." Idrisa hakubabaika. Alicheka hata. "Nilikirudisha, mama. Muulize dada Mwanaidi, nilimkabidhi mkononi." Nilikuwa hatua mbili kutoka pale, nina rundo la kadi. Bi Mwanahawa akageuka. "Mwanaidi, alikukabidhi?"

Nimewahi kusema uongo mkubwa kuliko huo, kila mtu aliyeishi amesema. Lakini hakuna uliokuwa mfupi vile. "Sikumbuki, Bi," nilisema.

Niliwaza majaribio yangu, niliwaza Miono, niliwaza namna watakavyocheka kwenye sinia: kumbe alikuwa anamfichia mwanamume kitabu. Idrisa alinitazama, si kwa hasira, kwa kushangaa tu, akanisubiri nikumbuke. Ukumbi ulikuwa na watu. Akachukua fomu yake akaikunja mara mbili. "Basi, dada, mtu husahau," aliniambia, akatoka. Ijumaa ikapita. Nafasi ya ugani akapewa mwingine. Mimi nililala kitandani kwangu Jumapili nzima, sikwenda duka lolote.

Boksi lilirudi baada ya wiki sita, na Bi Mwanahawa alitaka tulifungue pamoja, yeye, Mzee Kombo na mimi. Kamusi zilitoka zimevishwa majalada ya bluu, zinanuka gundi ya dukani. Chini ya kamusi kikatoka kitabu cha magonjwa ya mazao, nacho kimevishwa bluu, maskini, ambacho hakikuwa na kasoro yoyote. Bi Mwanahawa alikishika kwa mikono miwili. "Hiki kiliingiaje humu?" Mzee Kombo akasema yeye hakukitia, yeye huchukua boksi kama alivyolikuta. Nadhani nilikuwa naangalia kucha zangu. Mwanamke yule alikuwa amesimamia kaunta miaka kumi na minne, na haja ya kuambiwa hakuwa nayo. Aliondoka na kitabu akaenda ofisi ya mkuu wa maktaba, akakaa huko kitambo. Aliporudi alimtuma Mzee Kombo sokoni kununua mkaa ambao ulikuwepo.

"Nimemwambia ni mimi," alisema. "Nimemwambia nilikitia kwenye boksi kwa kujisahau, na nikasahau kupiga mstari." Nilitaka kusema kitu. Alininyooshea kiganja. "Nisikilize. Wewe uko kwenye majaribio. Ukiondoka hapa na kosa hili, hakuna maktaba itakayokupokea, utarudi Miono ukakae bure. Mimi nina nyumba yangu na wanangu, watanihamisha kaunta, basi. Barua ya kumwomba radhi yule kijana nimeiandika mimi na muhuri wake umo. Lakini barua haitoshi, na mimi si mwenye kosa. Utakwenda Kiwangwa, utamtazama usoni, utamwambia wewe." Nikasema nitakwenda. Kisha akaongeza, kwa sauti ileile ya kuulizia wazazi wa wanafunzi, "Ulikuwa mpweke kiasi hicho, na sisi tumekaa hapa tunakula?" Hapo ndipo nikalia. Kuanzia siku ile nilikula kwenye mkeka.

Nilikwenda Kiwangwa, hilo lazima niseme, nilikwenda. Nilishuka Ijumaa moja baada ya swala, nikaelekezwa mpaka barabarani wanapouzia mananasi. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa juu ya fuso, kifua wazi, anapokea mananasi yanayorushwa na anayapanga kwa mistari, vichwa nje, vizuri sana, kila safu sawa na mwenziwe. Nilifikiri: huyu angekuwa mkutubi hodari. Nilisimama pale muda wa kutosha kusema maneno kumi mara mia. Mwanamke mmoja muuzaji akaniuliza, "Nikupe ngapi?" Nikanunua mawili, nikavuka barabara, nikapanda gari la kwanza lililosimama. "Ulimkuta?" Bi Mwanahawa aliniuliza Jumatatu, naye ameshahamishiwa stoo ya magazeti, chumba kisicho na dirisha, anakata vipande vya habari na kuvibandika kwenye majalada makubwa. "Sikumkuta, Bi. Amesafiri." Nanasi moja nilikuwa nimempelekea. Alilipokea, akasema ahsante, akaliweka sakafuni karibu na miguu yake.

Mwaka wangu wa majaribio ukaisha, nikathibitishwa, nikapewa kaunta, kiti kilekile. Muda si mrefu nikahamia chuo kingine mkoa mwingine, na kutoka hapo nimepanda ngazi mpaka nilipo. Kila Iddi nilimpigia Bi Mwanahawa simu. Aliniuliza afya, aliniuliza kama nimepata mume, nikasema bado, baadaye nikasema nimepata, baadaye nikasema ameondoka. Mwisho kabisa aliniuliza, "Na yule kijana, ulimpata?" Nikajibu, "Bado, Bi, ila namtafuta." Kumtafuta gani, na mimi najua kijiji, najua barabara, najua mpaka pale fuso linaposimama. Mwaka fulani hakuuliza. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilidhani amesahau.

Basi mwezi uliopita nilikwenda kwenye arobaini. Nilifika mapema, nikavua viatu, nikajifunga kanga kiunoni, nikaungana na wanawake uani kuosha mchele na kusugua masufuria. Saumu alinikumbatia. "Mama alikuwa akikutaja kama mtoto wake," aliwaambia mashangazi zake, nao wakanipisha kwenye kigoda. Khitma ikasomwa, pilau ikaliwa, watu wakaanza kutawanyika. Ndipo akaingia ukumbini mwanamume wa kanzu na kofia, ndevu nusu nyeupe, akiomba kuzungumza na mtoto wa marehemu. Saumu alikwenda nami, kwa kuwa nilikuwa karibu. Nilimjua kwa namna alivyosimama.

"Mimi naitwa Idrisa, natoka Kiwangwa," alimwambia Saumu. "Siku ya mazishi sikuwepo, lakini nimeambiwa imamu aliuliza kama kuna mwenye dai na marehemu. Mimi nilikuwa nalo. Mama yako alinikosea kazini kwake zamani, akaniandikia barua ya kuomba radhi, nami sikumjibu. Mwaka juzi tulikutana hospitalini hapa Bagamoyo, amekaa benchi, ananisalimu kwa jina. Nikampita. Akaniita mara ya pili, nikampita." Akafungua viganja kama anayeomba dua. "Nimekuja kusema nimemsamehe, mbele yako, roho yake ipumzike." Saumu akaanza kumshukuru, akampa mkono. Kisha Idrisa akanitambua. Uso wake ukafunguka. "Dada Mwanaidi wa Miono. Wewe sikukuwekea kinyongo hata siku moja. Ulisema hukumbuki, na kweli mtu husahau."

Ningeweza kuondoka na hayo. Yalikuwa mazuri, yalikuwa yamekamilika, kila mtu ukumbini pale alikuwa ametulia. Nikamwambia. Sikukaa chini, sikuzunguka. Nilimwambia nilikificha kitabu mimi, mstari sikupiga mimi, nilikumbuka siku ile na nimekumbuka kila siku, na Bi Mwanahawa alibeba jina langu na akanituma nije kwake nikashindwa kuvuka barabara. Sauti yangu ilikuwa ya kaunta, ya chini, na walinisikia wote wawili.

Idrisa alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Alipokuwa ananiita pale hospitalini," alisema polepole, "alikuwa anajua kwamba kosa si lake." Nikasema ndiyo. "Na hakuniambia." Nikasema hakuwa mtu wa kusema ya watu. Akaangalia mlangoni. "Wewe nitakusamehe, dada, nipe siku. Uko hai, tutaonana. Mimi yule mama nitamwomba radhi wapi?" Hakuwa ananiuliza mimi. Akamgeukia Saumu, akaulizia kaburi, Saumu akamwelekeza, na tukamwona anatoka anatembea haraka kama mtu aliyechelewa.

Tulibaki wawili. Saumu aliinama akaanza kukusanya sahani kwenye mkeka, moja juu ya nyingine, bila kunitazama. "Alikaa stoo ile miaka tisa," alisema. "Macho yake yaliharibikia mle. Sisi tulimwuliza umefanya nini mpaka wakakuweka huko, akatuambia ameomba mwenyewe, pana utulivu." Nilipiga magoti kando yake, nikanyoosha mkono kuzipokea zile sahani nizipeleke uani nikazioshe, kama nilivyofanya tangu asubuhi.

Akazivuta upande wake, taratibu, kwa adabu yote ya mama yake.

"Ziache, dada," alisema. "Wewe ni mgeni."